Mama Kabidhi na Oveni ya Mdogo Wake

Kazi ya Mama Kabidhi ilikuwa kugusa. Usicheke. Benki aliyofanyia kazi haikopeshi fedha kwa riba. Mtu akitaka kitu, benki inakinunua kwanza kwa mwenye duka, inakipokea, halafu ndiyo inamuuzia mteja kwa faida ambayo wote wawili wanaijua tangu mwanzo, naye alipe kidogo kidogo. Wenyewe wanaiita murabaha. Sasa kati ya kununua na kuuza lazima awepo mtu wa kwenda kukipokea kitu hicho kwa niaba ya benki, akione kwa macho, akishike kwa mkono, aseme kimefika kwetu. Mtu huyo alikuwa yeye. Alishashika magodoro, mifuko ya saruji, mashine za kusaga, viti vya kinyozi, na siku moja ng'ombe wa maziwa aliyemkanyaga mguu. Jina la Mama Kabidhi alipewa na wenzake wa ofisini, na ingawa hakuwa na mtoto hata mmoja, alilipokea kama alivyopokea kila kitu, kwa kulikagua kwanza.

Kwenye kanuni alikuwa hana mchezo. Mteja aliyekuja na maneno ya niuzieni tu, mzigo uko njiani, alirudi nyumbani mikono mitupu. Mtu hauzi kitu ambacho hakijafika mkononi mwake, alikuwa akiwaambia. Na kikishafika mkononi mwa benki, kikivunjika, kikiibwa, kikiungua, hasara ni ya benki mpaka mteja akinunue. Ndiyo maana faida yetu ni halali, alisema, kwa sababu tunabeba hatari. Wateja waliitikia kwa kichwa huku wakiangalia saa, maana wao walitaka magodoro yao tu.

Nyumbani alikuwa anaishi na mama yake mzazi. Tangu baba yao afariki, mama alikuwa kwake, kwenye chumba kinachopata jua la asubuhi. Mama Kabidhi alijua vidonge vya presha kwa rangi, alijua maji ya kuoga yawe na moto kiasi gani, alimkata kucha, alimpaka mafuta magoti. Na mama, akishapakwa mafuta vizuri, akishaegemezwa mto mgongoni, alimsifu nani? Alimsifu Kitinda.

Kitinda ndiye mdogo wake, mtoto wa mwisho wa nyumba ile. Alikuwa anaoka mikate kwa mkaa kwenye kibanda chenye paa la turubai, mitaa miwili kutoka hapo. Mwanamke wa kucheka ovyo, wa kusahau miadi, wa kuazima mwavuli asirudishe. Alikuja mara moja kwa wiki, mbio mbio, na mkate mmoja wa moto kwenye kitambaa, akakaa muda wa kunywa kikombe cha chai, akaondoka. Basi mama alikuwa na mazungumzo ya wiki nzima. Kitinda kasema hivi. Kitinda kapungua, maskini, kazi zinamuua. Mkate wa Kitinda ukiubonyeza unarudi wenyewe. Mama Kabidhi aliula mkate ule na kusema chumvi imezidi. Haikuzidi hata chembe.

Hicho ndicho kijiba cha roho chenyewe, na mimi sitakipamba. Alimwonea mdogo wake wivu tangu siku mtoto yule alipozaliwa na kuwekwa mahali alipokuwa analala yeye. Alifikiri umri utaumaliza. Haukuumaliza.

Asubuhi moja mama alisema, kama mtu anayeongea habari za hali ya hewa, kwamba Kitinda anapanga chumba cha duka na anataka oveni kubwa ya umeme. Oveni ikifika, yeye mama atahamia huko, kuna chumba nyuma ya duka. Atakaa kaunta, apokee hela za mikate. Mama Kabidhi alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina mpaka ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikafika mezani.

"Unamwaga, mwanangu," mama akasema.

Akapangusa meza. Lakini moyoni alishaweka hesabu yake sawasawa: oveni ile isipofika, mama haondoki.

Na oveni ingepitia wapi, kama si mikononi mwake? Kitinda alileta maombi kwenye benki ile ile. Mama Kabidhi akaenda kwa meneja kusema kwamba mteja huyu ni ndugu yake, akitumaini ataambiwa akae pembeni na faili lihamishiwe tawi la mbali, likapotelee huko. Meneja akacheka. Akasema anavyomfahamu yeye, ndugu yake ndiye atakayeteseka kuliko wateja wote, kwa hiyo aendelee. Meneja mwenyewe aliona anatania tu.

Akaendelea. Kwanza alimkalisha Kitinda kwenye kiti cha wateja, akamwita "ndugu mteja", akamhoji. Je, hiyo oveni alishainunua mwenyewe? Alishamlipa mwenye duka chochote? Maana kama mteja amekwisha kununua, benki haina tena cha kununua wala cha kumuuzia, mkataba umekufa hapo hapo. Mama Kabidhi aliinama mbele kidogo akisubiri jibu, na Mungu anajua alikuwa anaomba jibu gani. Kitinda, huyu huyu msahaulifu, akasema hapana dada, nimeiangalia tu, mwenye duka kanipa soda. Soda haivunji mkataba.

Basi benki ikainunua oveni, na Mama Kabidhi akaenda kuipokea. Ilikuwa na milango miwili ya kioo na trei zinazoteleza bila kelele. Akaigusa. Ilikuwa nzima, nzuri, imenyooka, na roho ikamuuma kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Akasaini kwamba benki imeipokea. Mwenye duka alitaka nafasi yake, kwa hiyo ikapakiwa na kushushwa uani nyuma ya benki, chini ya upenu, maana stoo ilikuwa imejaa pikipiki za wateja wengine.

Kilichobaki kilikuwa kidogo mno. Fundi umeme wa benki aje aiwashe, athibitishe inafanya kazi, Kitinda aitwe, benki iseme nakuuzia, yeye aseme nimenunua, basi. Fundi umeme alikuwa mtu wa kupigiwa simu tu. Mama Kabidhi hakumpigia.

Siku zikapita. Kitinda akapiga simu, akaambiwa ukaguzi unaendelea. Akaja mwenyewe, akaiona oveni uani chini ya upenu, akaambiwa kanuni ni kanuni. Kodi ya chumba cha duka ilikuwa inakimbia na chumba kitupu, alisema hivyo kwa upole, bila kulaumu, na upole huo ukazidi kumkera dada mtu. Nyumbani mama akauliza, hivi huko benki mnaikagua oveni au mnaisomesha? Mama Kabidhi akajibu kwamba haya mambo ya sharia hayataki haraka. Nakwambia, akaiingiza na dini kwenye roho yake ya kwa nini. Halafu akampaka mama mafuta magoti, taratibu kuliko siku zote, na akaona mfuko wa nguo wa mama umeshashushwa kutoka juu ya kabati.

Jumamosi moja, benki imeshafungwa mchana, mawingu yakajikusanya. Mama Kabidhi alikuwa amebaki ofisini peke yake na mlinzi wa getini. Upepo ukaanza kupiga mabati ya upenu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze mchezo wake akakumbuka maneno aliyowasomea wateja miaka yote. Oveni ile haikuwa ya mwenye duka tena. Haikuwa ya Kitinda bado. Ilikuwa ya benki, na hasara yake ya benki, na Jumatatu meneja angeuliza swali moja tu: kwa nini imekaa uani muda wote huu?

Akatoka mbio. Mvua ilikuwa inakuja ya pembeni, inaingia chini ya upenu kama imeitwa. Mlinzi akaleta magunia mawili, yakapeperuka. Mama Kabidhi akasimama mbele ya milango ya kioo, akatanua kanga yake ya mabegani, kichekesho kitupu, mwanamke mzima anaikingia mvua oveni ya mtu ambaye hamtakii mema.

Ndipo Kitinda akaingia getini na turubai kichwani, ameloa chapachapa. Wakalitupa juu ya oveni, wakalikaza kwa kamba kwenye nguzo, wakaweka matofali chini, mlinzi akishika pembe. Lilipokazwa, Mama Kabidhi akaliangalia lile turubai. Lilikuwa na alama nyeusi za moshi wa mkaa. Akalijua.

"Hili si la kibandani kwako?"

"Ndilo."

"Na unga?"

"Umeloa," Kitinda akasema. "Nitanunua mwingine."

Mama Kabidhi alihisi hasira, hasira kabisa, bila kujua ya nini. Akasema, "Umeharibu unga wako bure. Oveni si yako. Ingeloa, hasara ni ya benki."

"Najua, dada. Ulinieleza mwenyewe." Kitinda akakamua maji kwenye upindo wa nguo. "Lakini nilifikiri wangekufukuza kazi."

Watu wengine wangelia hapo, wakakumbatiana, mambo yakaisha. Mama Kabidhi hakulia. Alisimama pale maji yakimchuruzika shingoni, akaona wivu kuliko siku zote za maisha yake. Hata wema, kumbe, mdogo wake alimshinda. Hata katika wema alikuja mbio mbio, akaleta, akashinda, na bila ya kujitahidi. Lakini aibu nayo ilikuwa imemfika kooni, na mvua ilipopungua aliingia ndani akampigia fundi umeme.

Jumatatu oveni ikawashwa, ikawaka. Kitinda akaitwa. Mama Kabidhi akamsomea gharama ya benki na faida ya benki, wazi wazi, kisha kwa sauti ya kikazi akasema benki inakuuzia oveni hii. Kitinda akasema nimenunua. Wakaibeba vijana wanne na kuiondoa uani. Pale ilipokuwa pakabaki sakafu kavu ya mraba.

Wiki ile ile mama akahama. Mama Kabidhi alipanga vidonge kwenye vikopo, akamweleza Kitinda kila kimoja: cheupe asubuhi kabla ya kula, cha rangi ya waridi baada, maji ya kuoga yasiwe ya moto sana, mto uwe mmoja mgongoni na mmoja miguuni. Kitinda aliitikia tu, na ilionekana wazi cheupe na cha waridi vimeshachanganyika kichwani mwake. Dada mtu akarudia tena toka mwanzo. Hakutaka kumaliza.

Alipobaki na mama peke yao chumbani, akauliza kile alichokuwa amekibeba tangu siku ya chai. Akauliza amekosea wapi.

Mama akamshika mkono, ule ule wa kugusia mali za watu. "Hujakosea mahali, mwanangu. Ila kwako mimi nimehifadhiwa. Nataka nitumike kidogo kabla sijafa."

Akachukua mfuko wake mwenyewe, akakataa kubebewa.

Mama Kabidhi aliapa hatakanyaga duka lile. Alivumilia mpaka nyumba ilipomshinda kwa ukimya, halafu asubuhi moja kabla ya kazi akapita, eti yuko njiani, ingawa benki ilikuwa upande mwingine. Foleni ilifika nje. Akapanga foleni kama watu wote. Mama alikuwa kwenye kaunta, kilemba kimekazwa, anapokea hela na kukaripia wenye noti kubwa, na magoti yake hayakuonekana kuwa na shida yoyote. Nyuma yake, kwenye joto, Kitinda alikuwa anatoa trei.

Zamu yake ilipofika, mama hakumpa mkate kwanza. Aligeukia foleni nzima, akanyoosha kidole.

"Huyu ni binti yangu mkubwa," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Anafanya kazi benki. Hakuna mkate hapa bila yeye. Oveni hii aliikagua mpaka tukachoka, na siku ya mvua aliikinga kwa kanga yake mwenyewe. Nani mwingine ana mtoto hivyo? Kila siku namwambia huyu mdogo wake, jifunze kwa dada yako, hata rangi za vidonge vyangu unazikosea."

Kila siku. Mama Kabidhi alilisikia neno hilo vizuri. Kule nyuma Kitinda, anayecheka ovyo, hakucheka. Aliusukuma mlango wa oveni kwa kishindo kikubwa kuliko kioo kinavyotaka, na shingo yake ikakakamaa kwa namna ambayo dada yake aliijua vizuri sana, kwa kuwa aliiona kwenye kioo chake mwenyewe maisha yote.

Angeweza kusema neno la kumpunguzia. Mvua ile alikuja na turubai, unga ukaloa, na hapa hakuna aliyeutaja. Ilikuwa juu yake kuutaja, na foleni ilikuwa inasubiri. Mama Kabidhi akapokea mkate wake, akaubonyeza, ukarudi wenyewe. Akalipa, akatoka nje bila kusema kitu, na kwenye kona ya mtaa akaumega ungali moto. Ulikuwa mtamu ajabu.