Pini Afumua Msitu

Waliomzoea walimwita Pini, kwa sababu kila alipofikiri jambo alibana pini midomoni kama mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele kilijaa: meza ya kukatia, pasi, futikamba iliyolala kwenye kiti kama nyoka aliyechoka, na karatasi za vipimo zilizotobolewa kila kona. Pini alikulia chini ya meza ile. Vitambaa vilimning'inilia pembeni, cherehani ikimwimbia juu ya kichwa, na mara nyingi hakujua kama amelala au yu macho.

"Nguo inasomwa kwa ndani," mama alimwambia. "Kwa nje inajipamba tu." Akamfundisha kuweka kidole gumba pale kazi ilipofikia, asikiondoe hata mteja akiingia na maneno yake.

Basi siku mwalimu wa michezo alipoleta shuleni mbio za ramani, ambapo mtu hupewa ramani na dira akatafute vibendera vilivyofichwa, kimoja baada ya kingine, wenzake walitimka kama kuku walioona mwewe. Pini akaweka kidole gumba kwenye ramani pale alipofikia, akaenda kwa mwendo wa mtu anayetumwa dukani. Alirudi wa kwanza. Wenye miguu mirefu walikutwa nyuma ya ghala wakigombania kaskazini.

Miaka mitatu baadaye, akiwa na kumi na saba, aliteuliwa pamoja na wasichana watatu kwenda mashindano ya vijana ya kimataifa. Kocha hakuwapaka mafuta.

"Mwaka jana wote wanne walifutwa. Huyu karuka kituo chenye kibendera chake, yule kagonga kibendera cha mbio nyingine. Kwenye orodha tulikuwa kama watu ambao hawakuja. Sitaki medali. Nataka jina moja lenye muda mbele yake."

Usiku wa kuamkia safari haukumkuta Pini na wasiwasi, wasiwasi ulimkuta asubuhi, mama akimshonea mfuko wa dira kwenye kaptula.

"Nikipotea huko, mama?"

"Ukikosea mshono unafanyaje?"

"Nafumua."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale ulipokuwa mzuri."

"Sasa unaniuliza nini? Simama vizuri nisikuchome."

Msitu wa mashindano ulikuwa na miti iliyonyooka na ukungu mwembamba kama shashi. Chini kulikuwa laini, hatua hazikutoa sauti. Mistari ya kahawia kwenye ramani, ile inayoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka, ilimtulia machoni kama marinda. Kila alipofikia kibendera alitazama namba, akagonga kwa kuchomeka kifaa cha kidoleni kwenye kisanduku chake, kikalia pii, akaendelea. Vituo sita vikapita hivyo. Akaanza kusikia cherehani. Ilikuwa mbali, pengine ni damu yake mwenyewe masikioni, lakini ilimbembeleza, na miti ikawa vitambaa, naye akawa tena chini ya meza.

Hapo ndipo alipokosea kosa la fundi. Ndani ya nguo, penye bonde huonekana tuta, na penye tuta bonde. Kichwa chake kikaigeuza ardhi ndani nje: bonde lililochorwa akaliona mgongo wa kilima, akaupanda mgongo wa kweli kwa raha zake, na huko juu kweli kulikuwa na kibendera.

Namba yake mia na kumi na mbili. Aliyokuwa akiitafuta ni mia na tisa.

Msichana wa nchi nyingine alifika, akagonga, akampungia mkono, akayeyuka kwenye ukungu. Miguu ya Pini ilitaka kumfuata. Wengi wakipotea huona aibu kurudi, basi huendelea kupotea kwa kasi zaidi. Pini alibana midomo, pini haikuwepo. Mshono mzuri uliishia wapi? Kwenye jiwe lililopasuka, kituo cha sita.

Akageuka. Alirudi akipishana na wanaokimbia mbele, wakimtazama kama mtu aliyesahau jiko linawaka. Kwenye jiwe akaweka kidole gumba, akaugeuza msitu upande wake wa nje, taratibu, kama anayevuta mkono wa koti. Bonde likafunguka mbele yake. Ndani yake, kibendera. Mia na tisa. Pii.

Alipofika mwisho wa mbio, kocha alikuwa peke yake.

"Wenzangu?"

"Wamefutwa wote." Akaichukua karatasi ya mashine yenye muda wa kila kituo, akapitisha kidole kituo kwa kituo, vyote kumi na vinne. Akarudia tena. "Wa tatu kutoka mwisho."

"Najua."

"Lakini una muda." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwake, akafunga na kifungo.

Pini akampigia mama.

"Nimefika. Nilifumua mara moja."

"Pakubwa?"

"Dakika kumi na moja."

Cherehani ikanyamaza upande wa pili. "Na imekaa?"

Pini aliangalia ubao wa matokeo, jina lake na tarakimu zilizosimama mbele yake.

"Imekaa, mama."

"Haya, niache nimalize kola ya watu."

Lakini alisahau kukata simu. Pini akalala kwenye nyasi, simu sikioni, cherehani ikaanza tena kumwimbia juu ya kichwa.