Vitambaa vya Kanga Shingoni mwa Mbuzi

Mwenye bucha wa mtaa wetu hapa Nkuhungu jina lake nalijua, la baba yake nalijua, na la bibi yake niliyekua naye Kondoa pia. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo majina nayaweka kichwani. Lakini lake silitaji hapa. Kumwandika ni kumpa heshima.

Alipofungua bucha, mimi ndiye niliyemtembeza kwenye nyumba za Waislamu nikiwaambia huyu anachinja mwenyewe kwa bismillahi, nunueni bila wasiwasi. Basi Ramadhani ya mwaka juzi nikamwagiza paja zima la ng'ombe mapema. Nilikuwa nimewaalika pilau ya Idi wajane wanane ninaosali nao. Asubuhi ya Idi naenda kuchukua, naambiwa paja limeshaondoka na bosi mmoja wa serikalini aliyekuja na gari. Bucha imejaa watu.

"Mjukuu wangu, na mimi je?"

"Bibi, na wewe! Meno yenyewe yamebaki mangapi? Chukua kichwa hiki cha mbuzi ukanywe supu."

Watu wakacheka. Nikakichukua kile kichwa. Wajane wangu wakala pilau ya viazi, na hakuna aliyenung'unika. Hilo ndilo lililoniuma hasa.

Kutoka Idi ndogo mpaka Idi kubwa ni miezi miwili na siku kidogo, na mtu wa kujipanga zinamtosha. Yeye hajipangi. Kila mwaka alingoja zibaki siku mbili, akapanda pikipiki mpaka Haneti kwa mfugaji mmoja Mgogo, akachagua mbuzi wa kuziuzia nyumba zile. Mfugaji huyo mimi namfahamu tangu mwenye bucha hajazaliwa.

Nikarudi nyumba zile zile nilizomtembeza. Mlango kwa mlango: mwaka huu mtachinja? Mmoja au wawili? Nikapokea pesa zao, nikakariri kila nyumba na mbuzi wake. Kisha nikapanda basi la Haneti na kanga yangu kuukuu mkobani.

Mbuzi wa Idi kubwa hachukuliwi hivi hivi. Awe ametimiza mwaka, asiwe chongo wala kilema. Nilikaa zizini kutwa nzima, mfugaji anashika taya, mimi napitisha kidole gumba kwenye meno ya mbele. Kila aliyefaa nikamfunga shingoni kipande cha kanga. Kwa mfugaji yule, mbuzi mwenye kitambaa ana mwenyewe, hata aje waziri.

"Sasa mama, umebakiza nini?"

"Vilema na wanaonyonya."

"Nyie Warangi mna roho."

"Wako wa Krismasi sijamgusa."

"Hapo umenena."

Siku mbili kabla ya Idi, pikipiki ikaenda. Mfugaji alinisimulia baadaye: mwenye bucha alizunguka zizi mara tatu akishika vile vitambaa, akauliza ni vya nani. Akajibiwa, "Vya bibi yako." Akakimbilia mnadani, akakuta mbuzi waliokwisha kukataliwa na wenzake.

Siku ya Idi, tumeshatoka kuswali, uani kwangu watu wanachuna, wajane wangu wanakata nyama, yeye huyo mlangoni. Aproni nyeupe haina hata tone.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Niuzie wawili tu. Yule bosi yuko dukani, nilimwahidi."

"Nyama ya udhia ni sadaka, haiuzwi, mjukuu wangu. Wewe mchinjaji hujui?"

Akainamisha kichwa. Anajua. Nikamwacha asimame mpaka wajane wote wamemwona vizuri.

"Ila zawadi inaruhusiwa," nikamwambia, nikamwekea mikononi kichwa cha mbuzi wangu. "Kampe bosi wako anywe supu. Yeye meno anayo."

Safari hii uani kwangu ndiko walikocheka. Akaondoka nacho, damu inamchuruzikia kwenye aproni.

Mjane mmoja, mkubwa kuliko mimi, akanishika mkono. "Yametosha sasa. Leo Idi, msamehe." Nikasema nimemsamehe. Nilisema kwa mdomo, maana mikono ilikuwa imeshika nyama.

Jioni nikakusanya vile vitambaa, nikavifua kimoja kimoja, nikavianika kwenye ukuta wangu wa mbele, ule unaotazamana na bucha.