Siku Nilipotaja Jina la Dada Zuhura

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Mbwera kulikuwa na katazo moja lililonitisha kuliko fimbo: dada yangu Zuhura akipandwa, usimwite jina. Bibi alisema jini aliyekuwa akipiga ngoma kifuani mwake hakulijua bado jina hilo, na siku akilijua hatatoka tena.

Ngoma yenyewe niliwahi kuisikia kwa kiganja changu. Zuhura alikuwa na miaka kumi na sita. Pengine alikuwa anatwanga, au anacheka tu, mara anashika kifua, moyo unakwenda mbio hata huwezi kuuhesabu. Bibi hujaza beseni maji ya mtungini, humwambia avute pumzi aibane, kisha humzamisha uso humo. Akimwinua, mara nyingi moyo umetulia. Tulipiga vigelegele: jini kakimbia baridi!

Siku moja ya mavuno, tukipura mpunga, Zuhura akaanguka mkekani, midomo imepauka. Nikasahau kila kitu.

"Zuhura! Zuhura!"

Bibi akaniziba mdomo, lakini jina lilikwisha toka. Beseni likaja mara ya kwanza, likaja mara ya pili, moyo haukusikia. Nikajua nimemuua dada yangu.

Tukambeba hadi mtoni, Baba akawasha boti. Njia nzima nilikaa miguuni pa Zuhura nimeuma ncha ya kanga, nisije nikamwita tena.

Kwenye kituo cha afya, daktari kijana alimsikiliza kifua, akachukua bomba la sindano, akaichomoa sindano yenyewe.

"Unaitwa nani?"

Bibi alitukazia macho. Zuhura akajitaja mwenyewe, kwa sauti ndogo.

"Haya Zuhura, puliza humu, kama unataka kukisukuma hiki kijiti cha ndani. Puliza! Usiache, Zuhura! Kaza, Zuhura, kaza!"

Kila alipolitaja nilifumba macho. Mara akamlaza chali na kuinyanyua miguu yake juu, mmoja akampa Baba aushike. Tukangoja. Zuhura akashusha pumzi ndefu.

"Moyo umetulia," akasema. Kisha kwa nguvu: "Baba, umetulia!"

Nilirukaruka mle chumbani mpaka nikamkanyaga Baba, naye hakunigombeza.

Daktari akamuuliza Bibi nyumbani huwa tunafanyaje. Bibi akalitaja beseni kwa aibu.

"Hiyo nayo ni tiba, Bibi. Maji baridi usoni huweza kuutuliza moyo kama huu. Ila usipotulia, au akizimia, mleteni upesi. Na lazima akapimwe hospitali kubwa."

"Na jini?"

"Huyo sijamwona, Bibi. Nimeona moyo tu."

Bibi hakuridhika, na mpaka anafariki alimwita Zuhura "wewe" kila moyo ulipomwenda mbio. Zuhura alikuja kutibiwa Dar es Salaam, akapona. Leo ana watoto watatu na duka la vitenge Kibiti.

Mwaka jana, tukiwa dukani kwake, nilimweleza jinsi nilivyojiona muuaji siku ile. Alicheka hadi machozi. Nikamuuliza, uso ukiwa ndani ya beseni, alikuwa akihisi nini?

"Mkono wa Bibi kisogoni," akasema. "Ulikuwa ukitetemeka kila mara."

Sisi watoto tulidhani Bibi hamwogopi jini yule. Kumbe alimwogopa kuliko sisi sote, na bado ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsogelea.