Bibi Alipokuwa Akimwita Babu Kigwena

Likizo hii mama alinipeleka kijijini Kigwena kuangalia nyumba ya babu na bibi. Haina mtu. Mlango umevimba kwa mvua, na michikichi imeusogelea ukuta hata jua la mchana haliingii uani. Nilisimama pale peke yangu, na mambo ya utotoni yakaanza kunirudia.

Enzi zile uani kulinukia mawese yanayochemka kwenye pipa, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa wameanikwa juani. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto na kufukuza kuku. Babu na bibi walikuwa wamerudi kutoka ukimbizini Tanzania, wamezeeka pamoja, na ugomvi wao ulikuwa mmoja tu. Bibi alitaka kuambiwa babu anakwenda wapi. Babu hasemi. Bibi akiuliza tena, babu anachukua panga, anaingia kwenye michikichi, kule inakokutana na msitu. Hapo bibi anaanza kuita.

"Muzee! We muzee! Uko wapi?"

Kimya. Hata kuku wanasimama. Halafu sauti inarudi kutoka msituni, imechelewa kidogo, nyembamba, kama vile mle ndani kuna mwanamke mwingine anayemtafuta mzee huyohuyo. Mimi nilikuwa naziba masikio. Jirani yetu yeye alicheka tu, akiwa kwake: "Mama, leo unaita muzee ao unaita mvua?"

Siku moja babu alikwenda Gatete akashinda huko kutwa bila kuaga. Aliporudi akaulizwa, akachukua panga kama kawaida. Bibi akaniambia, "Leo asipoitika, naenda kwa dada yangu Rumonge. Sirudi tena hapa." Akafunga nguo zake kwenye kitenge. Akaita mpaka sauti ikakauka, kisha akanituma nimtafute.

Nilimkuta karibu kabisa, nyuma ya mchikichi, mahali anapoona uani vizuri. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Alinitazama kama hanijui.

"Mutoto, nyamaza," alinong'ona. "Watatusikia."

Nani? Pale palikuwa na mimi na yeye tu.

"Babu, bibi anaondoka. Amefunga nguo."

Hapo ndipo alipogundua kwamba uani kumekuwa kimya. Alitoa mikono mdomoni. "Mbona haiti tena?" Akafungua kinywa kuitika, na sauti ikakataa kutoka, nikaona koo lake linapanda na kushuka bure. Basi akageuza panga, akagonga shina kwa ubapa wake. Ko! Ko!

Bibi akainua kichwa. "Ni weye?"

Ko!

Akaketi juu ya furushi lake, analia huku anacheka. "Si ungegonga tangu zamani, weye muzee mubaya!"

Baadaye, tukichambua ndagala, bibi alinieleza. Walipokuwa wanakimbia nchi walipotezana kwenye majani marefu. Yeye aliita, watu wema wakamsikia, wakamchukua. Babu alijificha na mwenzake. Mwenzake aliposikia anaitwa aliitika, na hakuonekana tena. "Mimi nilipona kwa kuita," bibi alisema, "yeye alipona kwa kunyamaza. Halafu tukaja kukaa nyumba moja."

Ugomvi haukuisha, nisikudanganye. Ila tangu hapo bibi akiita, babu anagonga, na bibi anarudi kusonga bugali akinung'unika. Mimi nami ni mtu wa kunyamaza, mama akinigombeza natoka nje, kwa hiyo nilimwelewa babu. Bibi nilikuwa namwonea huruma.

Babu alipofariki, bibi hakuita tena. Kila jioni aliketi ameelekea michikichi, midomo imefunguka kidogo, mpaka mimi nikawa naogopa kumpelekea chakula. Siku moja nikajikaza nikamuuliza mbona haiti.

"Nikiita asigonge," alisema, "nitajua."

Naye akaondoka duniani hivyo, hajaita hata mara moja. Sasa pipa halipo, jirani amehama, na moshi wa mawese hauko tena. Nilisimama pale uani nikafikiri nimwite babu, mara moja tu, kwa niaba ya bibi. Nikafungua mdomo.

Nikaufunga, nikaenda kumtafuta mama.