Sindano za Koko Zalihata

Enzi zetu kule Moroni, mtoto aliyekojoa kitandani hakuwa na pa kujificha. Godoro la sufi halifichi siri. Lazima litolewe nje, na jua la mtaa wetu lilipiga kwenye ukuta wa uchochoroni, njia ya watu wote kwenda msikitini. Wenzangu wa chuoni walipita na mbao zao chini ya kwapa, wakasimama mbele ya godoro langu wakiulizana leo nimechora kisiwa gani, Ngazidja au Ndzuani. Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua kusuka ukili, kusaga liwa ya kujipaka usoni na kupika wali wa nazi usioshika chini, lakini asubuhi nilikuwa naamka kwa machozi.

Mama alijaribu kila alichoambiwa. Nilinyweshwa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani, nikakatazwa maji baada ya magharibi, nikafungwa hirizi kiunoni. Mwishowe mama mdogo, aliyeolewa Mutsamudu kisiwani Ndzuani, alileta habari za mwanamke mmoja aliyerudishwa kutoka Mahajanga, ng'ambo ya bahari, pamoja na Wangazidja na Wandzuani wengine walionusurika na mauaji ya kule. Alikuwa akitibu kwa sindano. Majirani waliambiwa nakwenda kumsalimia mama mdogo. Nami nikaapa kwamba hata nikifa, sitasema nilikwenda kufanya nini.

Huyo ndiye Koko Zalihata. Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Huko Mahajanga alimpikia Mchina mwenye duka kwa miaka mingi, na mke wa yule Mchina ndiye aliyemfundisha. Vitu vyake vyote vilikaa katika bati la biskuti. Mlikuwa na sindano nyembamba kama unywele, fupi za uso na ndefu za nyonga, alizozichemsha katika sufuria aliyokataza isipikiwe hata chai. Mlikuwa na bilauri ndogo ambazo alizipitishia moto ndani kisha akazibandika mgongoni, zikavuta nyama juu kama andazi linaloumuka. Mlikuwa na nyundo ndogo iliyojaa ncha za sindano kichwani, ya kugongagonga ngozi, na mbegu ndogo nyeusi alizozibandika nyuma ya sikio kwa plasta. Mimi dawa yangu ilikuwa sindano chini ya kitovu na kwenye vifundo vya miguu, kisha msokoto wa majani makavu ya pakanga, aliouwasha na kuusogeza karibu na tumbo mpaka nikahisi joto limeingia ndani. Nyumba nzima ilinuka moshi ule mchungu.

"Usicheke, usikohoe, na usiwaze habari za watu," alikuwa akiniambia.

Zilikuwa siku za mamluki. Wazungu wale wenye sare nyeusi walikuwa ndio walinzi wa serikali, na wakubwa wetu walipowataja walishusha sauti hata wakiwa chumbani mwao. Basi alasiri moja nimelala mkekani, kanga imepandishwa, sindano zimesimama tumboni, mlango wa jikoni ukafunguka. Niliona buti kwanza. Kisha bastola kiunoni. Kisha mzungu mkubwa aliyejifunika uso kwa taulo. Sikuweza kuinuka wala kujikunja. Nikajikojolea pale pale, mbele yake, maji yakatambaa mpaka karibu na buti zake.

Mzungu akashusha taulo akacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo. Nusu ya pili ilikuwa imekufa, imevutwa upande, na jicho la upande ule halikuweza kufumbika.

Koko hakupandisha sauti. Kwa Kifaransa chake cha jikoni alisema, "Hapa ni kwa wagonjwa. Bastola mpe dereva wako. Na ukimcheka mtoto wangu, katafute mwingine wa kukunyoosha uso."

Nilifumba macho nikisubiri kofi. Watu walikuwa wamefungwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Nikasikia buti zikitoka, na zikirudi. Aliketi kwenye kibao akiutazama ukuta, akangoja mpaka Koko amenichomoa sindano, ameniosha na kunifunga kanga kavu. Zamu yake ilipofika, nyundo ile ikaanza kumgonga shavuni. Yule jitu alikishika kibao kwa mikono miwili, akalia, akamwita mama yake.

Tulikutana pale alasiri nyingine nyingi. Hatukusalimiana hata siku moja. Kila mmoja alimwonea mwenzake haya.

Godoro langu lilianza kuamka kavu, nikarudi Moroni. Baada ya muda, baba nami tulikuwa tukitoka Vouvouni, kwenye harusi ya binamu yake, katika gari la abiria lililojaa mama wauza samaki, na ndizi za kupeleka soko la Volo Volo. Njiani tukasimamishwa na walinzi wale wa sare nyeusi. Wanaume wakaamriwa washuke, wakae chini juu ya changarawe nyeusi, mikono kichwani. Baba alikuwa karani wa posta, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi. Mzungu mmoja akaisukuma kofia ya baba kwa fimbo, ikaanguka vumbini. Baba aliinama akaitazama, asiiokote. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitamani nisiwe na macho.

Mzungu yule akachungulia ndani ya gari. Uso wake sasa ulikuwa umenyooka, lakini nilimjua, naye akanijua. Mkono wake ukapanda shavuni. Akageuka haraka akasema, "Waacheni waende."

Wanaume walipopanda tena garini, hakuna aliyemtazama mwenziwe. Kisha mama mmoja wa samaki akaniuliza, "Wee mtoto, yule mzungu amekujulia wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Baba naye akanigeukia, na lile swali lilikuwa machoni mwake, limemtisha kuliko bunduki.

"Kwa Koko Zalihata, Mutsamudu," nikasema. "Mdomo wake ulipinda. Alipigwa sindano akalia, akamwita mama yake."

"Alimwita mama yake!" mama wa samaki akapiga makofi. Gari zima likaangua kicheko. Ndipo mzee mmoja aliyeketi mbele akauliza, "Na wewe ulikuwa ukitibiwa nini?"

Masikio yaliniwaka moto. "Nilikuwa nakojoa kitandani."

Baba akanivuta akanipakata, mkubwa kama nilivyokuwa, akamwambia yule mzee, "Hata mimi. Mpaka nilipoota ndevu."

Sikujua kama ni kweli. Sikumwuliza mpaka alipofariki.

Siku hizi sindano zinatoka ndani ya karatasi safi na kutupwa zikishatumika. Wajukuu zangu wanaumikwa kwa bilauri kama zile, kisha wanapiga picha migongo yao yenye duara nyekundu na kuwatumia watu wasiowajua. Hawana cha kuficha, wala sufuria ya kuchemshia aibu zao. Nawacheka, na kwa siri nawaonea wivu. Lakini nikiwatazama najiuliza, siku wakimwona baba yao ameketishwa chini mbele za watu, watampa nini? Sisi tulikuwa na aibu zetu tu, ndizo tulizopeana.