Hodi ya Tatu

Mhariri wa redio aliniomba kitu kimoja tu: kabla sijasoma hadithi yangu hewani, wasikilizaji waambiwe kwamba ndani yake kuna kifo cha mama mjamzito. Nikamjia juu. Nilimwambia onyo ni udhibiti uliovaa kanzu. Leo mnaonya, kesho mnakata, keshokutwa mwandishi anajikata mwenyewe. Akanywea. Nikasoma, nikatoka pale Lindi mjini kifua mbele, mjinga mimi.

Hadithi ile sikuibuni. Binti wa dada yangu alifia njiani, juu ya bodaboda, tukimkimbiza kutoka kijijini Rutamba akajifungue hospitali. Nilikuwa nyuma yake nimemkumbatia. Habari nilimpelekea dada mimi mwenyewe, tena kwa taratibu zetu: kwenye simu sikusema kitu, nikatanguliza wanawake wawili wa kumshika, nikamkalisha mkekani, nikaanzia mbali. "Dada, mgonjwa wetu hali yake si nzuri." Ndipo nikasema. Alipouliza kama mwanawe aliteseka, nilimwambia alikwenda kimya, kama aliyelala.

Kwenye hadithi niliandika ukweli. Niliandika kwamba njia nzima alimwita mama yake.

Siku ya redio dada alikuwa uani anabangua korosho na majirani. Aliwanyamazisha wote, mdogo wake anasoma. Waliniambia baadaye kwamba alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akaingia ndani.

Tangu hapo hapokei simu yangu. Bado naamini hadithi ile ilistahili kusomwa, kila neno lake. Lakini sentensi moja ya onyo ingenipunguzia nini? Angezima. Au angenipigia, nikaenda kumwambia mwenyewe, amekaa, ameshikwa.

Leo nimekuja Rutamba, nyumbani kwake. Jirani amesema yumo. Nimepiga hodi, kimya. Nimepiga ya pili, nikasikia kikohozi chake, kisha kimya tena. Kwetu hodi ni tatu. Zikikosa jibu unaondoka, hata kama unamsikia mwenye nyumba anapumua, kwa sababu kukataa ni haki yake. Haki hiyo mimi nilimnyima.

Dada yangu, sina mwingine. Nimekaa kizingitini tangu adhuhuri, na sasa wanaadhini magharibi. Hodi ya tatu sithubutu kuipiga.