Mdhamini wa Mshokishoki

"Wewe uliyesoma, hebu niambie. Mti unachanua hivi kila mwaka, kwa nini hauzai?"

Shangazi aliniuliza hivyo Ijumaa moja asubuhi, fagio mkononi, maua makavu yakimdondokea kichwani. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu, na shahada ya uchumi na tabia ya kubishia kila kitu.

Mshokishoki ule aliupanda mwenyewe, uwani kwa babu, Ng'ambo, mwaka alioachwa na mumewe kwa kuwa hawakupata mtoto. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza kama kasoro ilikuwa ya mume. Alinunua shokishoki sokoni Darajani, akala, akafukia kokwa. Mti ukatoka mzuri, majani mazito ya kijani mwaka mzima. Wageni waliusifu, kisha wakauliza matunda yake yakoje, na hapo shangazi alikumbuka chungu jikoni.

Ami, mdogo wake, alitaka kuukata ajenge chumba. "Nyumba hii ina vivuli tu," alisema siku moja, akimwangalia dada yake. "Matunda hakuna."

Shangazi akamwomba autishe mti kwanza, kama walivyofanya wazee. Mmoja huja na panga akautukana mti, mwingine huudhamini kwamba mwakani utazaa, na panga huligusa gome kwa mgongo wake, basi.

Nilicheka aliponieleza asubuhi ile. "Kwani mti una masikio, shangazi?"

"Kama hauna, ami yako anayo."

"Basi udhamini wewe."

Akalitazama fagio. "Dhamana yangu mimi nani ataikubali? Dhamini wewe, mwanangu."

Baada ya alasiri ami alikuja. Nililiona panga kabla sijamwona yeye. Lilikuwa limenolewa.

"We mti! Unakunywa maji yetu, unatupa taka, huna faida. Leo nnakuangusha!"

Ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa bado naliangalia panga.

"Haya, msomi, umekuwa bubu?"

"Muache," nikasema, kicheko kikiniponyoka. "Mimi mdhamini wake."

"Mdhamini gani anacheka?"

Akapiga, na si kwa mgongo. Panga lilizama, kibanzi kikaruka hadi miguuni kwangu. Alipolinyanyua tena, shangazi alikuwa ameshaweka kiganja juu ya jeraha.

"Ondoa mkono, dada."

"Mti umeshadhaminiwa. Nipe mwaka wangu."

Panga lilibaki juu. Ami alinitazama mimi, si yeye.

"Muache," nikasema tena, safari hii bila kicheko. "Mimi mdhamini wake. Mwakani atazaa." Nilikuwa nasema jambo nisiloliamini hata chembe, huku nikihofu kwamba ami naye hataliamini.

Panga likashuka.

Msimu uliofuata mti ulichanua kuliko wakati wowote, nyuki wakivuma tangu alfajiri. Kila asubuhi nilipanda juu ya ndoo kuyachungulia matawi. Maua yakakauka, yakaanguka. Ami alileta mtu wa msumeno. Shangazi aliketi chumbani mlango wazi, akaangalia mpaka mwisho.

Jirani yetu alikuwa na mshokishoki wake, uliozaa hadi matawi kulemewa. Kila msimu alitupitishia beseni juu ya ukuta, na shangazi ndiye aliyelipokea na kushukuru. Baada ya wetu kukatwa, beseni lilikuja nusu. Mwaka wa pili halikuja. Jirani alisema mti wake umepigwa kijicho. Hakumtaja mtu, lakini aliacha kuja kwetu, na shangazi akaacha kukaa uwani.

Tulikuwa tumeshamzika shangazi nilipokuja kujua kwamba mshokishoki uliopandwa kwa kokwa unaweza kutoka dume. Huchanua sana wala hauzai, na nyuki huchukua chavua, ule unga wa maua yake, wakaipeleka kwenye miti jike iliyo karibu. Wetu ulikuwa dume, na mti wa jirani ulikuwa ukizaa kwa unga wa wetu.